Wembe wa kukunja unavuta, unaruka au unakufa kwenye mkanda: anza na umbo la bapa

Malalamiko yanayonifikia kuhusu nyembe za kukunja hayana aina nyingi. "Mkononi unakata unywele, usoni unavuta." "Nimeunoa vizuri, nikaupitisha kwenye mkanda ukafa." "Wa zamani ulikuwa unateleza, huu mpya unaruka-ruka kidevuni." Mkanda hapa ni ule wa ngozi wa kunyooshea makali kabla ya kunyoa. Karibu kila mtu akishasema hivyo hulaumu chuma, na wengine huwa tayari wameshika kinoo mkononi. Mimi huuliza kwanza: wembe wako ni wa umbo gani? Jibu la swali hilo hubadilisha karibu kila ushauri unaofuata.

Ufungue, uelekeze ncha kwako, kisha uutazame kana kwamba unachungulia mwisho wa ubao. Kama mbavu zake mbili zinashuka moja kwa moja kutoka mgongoni hadi kwenye makali, huo ni wa kabari. Kama mbavu zimechimbwa zikaingia ndani, na nusu ya chini ya bapa imebaki nyembamba kama jani, huo nitauita bonde kamili. Katikati yao kuna nusu bonde na robo bonde. Tofauti hii inatokana na gurudumu la jiwe lililotumika kiwandani: kadiri gurudumu lilivyo dogo, ndivyo linavyochimba bonde refu zaidi. Nyembe nyingi kongwe za Sheffield, Uingereza, ni za kabari au karibu na kabari. Za Solingen, Ujerumani, ndizo zilizojulikana zaidi kwa bonde kamili, lile linalotoa mlio wa kuimba linapopita kwenye ndevu.

Kabla hatujaingia kwenye dalili, kuna dhana moja ya kuondoa. Wengi hudhani wembe wa bonde ni mkali zaidi kwa sababu ni mwembamba. Sivyo. Unaponoa, mgongo na makali hulala juu ya jiwe kwa pamoja, kwa hiyo pembe ya makali inaamuliwa na unene wa mgongo ukilinganishwa na upana wa bapa. Wembe wenye mgongo wa milimita 4.5 na upana wa milimita 16 una pembe ya kama nyuzi 16, uwe wa kabari au wa bonde. Kinachobadilika ni nyama ya chuma iliyo nyuma ya makali. Kwenye kabari ipo nyingi, kwa hiyo bapa halipindi. Kwenye bonde kamili ni kidogo sana, na ukikandamiza linanepa. Sehemu kubwa ya matatizo hapa chini inatokana na mtu kutumia mkono wa umbo moja kwenye umbo jingine.

Dalili ya 1: Wembe unavuta ndevu

Hili ndilo linaloripotiwa kuliko yote, na mara nyingi wembe hauna kosa.

Anza na povu na maji. Unywele mkavu ni mgumu. Ukishalowa vizuri kwa dakika mbili tatu za maji ya vuguvugu, unalainika kiasi cha kukatika bila ubishi. Povu likikauka shavuni kabla hujalifikia, rudisha brashi yenye maji. Usiendelee tu kwa sababu umebakiza sehemu ndogo.

Pili, angalia mwinamo wa wembe usoni. Mgongo uwe umeinuka kidogo kutoka kwenye ngozi, bapa na ngozi vikifanya pembe ya kama nyuzi 30. Mgongo ukiinuka sana, makali yanakwangua badala ya kukata, na utahisi mvuto hata kama wembe umetoka kunolewa leo. Wenye kabari huangukia kosa hili zaidi, kwa sababu wembe ni mzito na mkono unachoka ukaanza kuusimamisha.

Tatu, mkanda. Je, uliupitisha kwenye ngozi ya mkanda kabla ya kunyoa? Mara ngapi? Kwa bonde kamili mimi huenda na kurudi mara 30 hadi 40. Kwa kabari sishuki chini ya 50. Kama mkanda wako una upande wa kitambaa, anza huko kwa mara 20. Kabla ya kugusa jiwe, jaribu siku mbili za mkanda uliofanywa kwa utulivu. Nyembe nyingi zinazodaiwa kuwa butu huamka hapo.

Baada ya hayo matatu ndipo useme makali yameisha. Simama chini ya taa, elekeza makali juu, na uyatazame yakiwa yamekuelekea. Makali mazima hayaonekani kabisa, ni mstari mweusi tu. Ukiona nukta au uzi unaong'aa, mahali hapo pamelala au pamevunjika, na pana haki ya kurudi kwenye jiwe. Kwa wembe uliokuwa unanyoa vizuri, jiwe laini la namba 8000 au zaidi (namba ikiwa kubwa, jiwe ni laini zaidi) kwa miendo michache linatosha. Usirudi namba 1000 bila sababu. Chuma ulichokiondoa hakirudi, na bonde kamili halina akiba.

Dalili ya 2: Wembe unatetema na kuruka kwenye ndevu nene

Unasikika kama mtu anayeburuta kiti sakafuni: tr-r-r-r. Ngozi inabaki na mistari midogo. Hii ni dalili ya bapa jembamba lililokutana na kichaka. Makali yananasa kwenye unywele, bapa linanepa, kisha linaachia na kunasa unywele unaofuata.

Sababu ya kawaida ni ngozi kutovutwa. Shavuni ngozi hujinyoosha yenyewe, kidevuni na chini ya pua haijinyooshi. Tumia mkono usioshika wembe kuivuta kuelekea nyuma ya mwendo wa wembe, na vidole viwe vikavu visiteleze. Inayofuata ni miendo mirefu. Kidevuni fanya miendo mifupi ya sentimita moja, mbili. Kisha mwinamo tena: shusha mgongo karibu zaidi na ngozi.

Kama ndevu zako ni za wiki nzima, zipunguze kwanza kwa mkasi au mashine. Bonde kamili halikutengenezwa kufyeka. Hapa ndipo kabari na robo bonde vinapata heshima yake: uzito wake na ugumu wake hupita kwenye unywele mnene bila kuyumba. Mtu mwenye ndevu ngumu anayenyoa mara moja kwa wiki, ushauri wangu ni atafute nusu bonde au kitu kizito zaidi, aache kupigana na jani.

Kama umefanya yote na bado unaruka, hata shavuni penye ndevu chache, basi wembe ni butu. Rudi dalili ya 1.

Dalili ya 3: Ulikuwa mkali kabla ya mkanda, baada ya mkanda umekufa

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo nyembe nyingi nzuri zinapoharibiwa na watu waangalifu.

Kwenye mkanda mgongo hutangulia na makali hufuata. Mwisho wa mwendo unageuza wembe kwa kuuzungusha juu ya mgongo wake, mgongo ukiwa bado umegusa ngozi ya mkanda, halafu unarudi. Ukiinua mgongo kabla makali hayajaondoka, au ukiugeuza kwa upande wa makali, unayakunja. Kugeuza vibaya mara moja tu kunatosha kufuta kazi ya saa nzima kwenye kinoo. Kwa hiyo kagua kwanza hapo: fanya miendo kumi polepole mno, ukitazama mgongo peke yake. Kasi itakuja yenyewe baada ya wiki kadhaa.

Sababu ya pili ni mkanda uliolegea. Mkanda ukibonyea katikati kama kamba ya nguo, ngozi yake inapanda na kuzunguka makali, na badala ya kuyanyoosha inayafanya mviringo. Uvute hadi uwe karibu kunyooka. Kabari huumia zaidi hapa kuliko watu wanavyodhani. Makali yake hayanepi yakafuata mkanda, kwa hiyo mkunjo wote wa ngozi unamalizikia kwenye ukingo kabisa wa chuma.

Ya tatu ni uzito wa mkono, na hapa bonde ndilo linaloumia. Mimi nilianza na wembe mzito wa kabari na mkono wangu ukazoea kuegemea. Nilipopata bonde kamili la kwanza niliupitisha kwenye mkanda na kwenye jiwe kwa mkono uleule. Kila siku ulikuwa butu kuliko jana. Siku moja nikapaka wino wa kalamu nzito kwenye mteremko wa makali, ile sehemu nyembamba inayolala kwenye jiwe, pande zote mbili, nikaupitisha kwenye jiwe mara tano kama kawaida yangu, kisha nikautazama kwa kioo cha kukuzia. Nyuma ya mteremko wino ulikuwa umefutika, chuma kinang'aa. Kwenye makali yenyewe ulibaki uzi mweusi, mwembamba kama unywele, kutoka kisigino (mwisho wa makali ulio karibu na kishikio) hadi ncha. Nilikuwa nakandamiza, bapa linanepa, makali yanainuka na kuondoka kwenye jiwe. Nilikuwa nanoa kila mahali isipokuwa panapokata. Nikapaka wino upya, nikauachia wembe uzito wake peke yake, na uzi ule ukaondoka kwa miendo mitano ileile.

Tangu hapo kipimo changu cha bonde kamili, kwenye jiwe na kwenye mkanda, ni hiki: shika kishikio kwa kidole gumba na cha shahada tu, vidole vingine vipumzike. Ukitaka kukandamiza, hutaweza.

Sababu ya nne, isiyo ya kawaida sana, ni uzi wa chuma uliobaki baada ya kunoa. Bonde kamili likikandamizwa kwenye jiwe la namba 1000 huota ukingo mwembamba mno unaokata unywele wa mkononi vizuri ajabu, kisha unavunjika kwenye mkanda na kuacha makali yenye meno. Dawa yake ni kurudi kwenye jiwe la mwisho, kubadilisha upande kila mwendo, mara 20, bila uzito wowote. Usinoe upande mmoja mfululizo.

Ya mwisho ni uchafu. Chembe moja ya mchanga kwenye mkanda hupiga pengo dogo kila ipitiwapo. Futa mkanda kwa kiganja kikavu kabla ya kila matumizi, na uutundike mbali na vumbi.

Dalili ya 4: Wembe wa kabari hausikii jiwe

Umeunoa jioni nzima, na bado unavuta. Usikate tamaa, na usiutupe. Kabari ina mteremko mpana wa makali, wakati mwingine mara tatu au nne ya ule wa bonde, kwa hiyo kila mwendo unagawanya kazi juu ya chuma kingi zaidi. Inachukua muda.

Fanya jaribio la wino nililolieleza. Ukibaki kwenye makali, hujafika, na hakuna jiwe laini litakalokusaidia. Kosa kubwa hapa ni kukimbilia namba 8000 kwa sababu mteremko unang'aa. Kung'aa si ukali. Kaa kwenye namba 1000 hadi wino ufutike wote kwa mwendo mmoja, pande zote mbili, ndipo upande kwenda 3000 au 4000, kisha 8000, kisha jiwe la kumalizia. Tofauti na bonde, kabari inavumilia mkono mzito kidogo mwanzoni, kwa sababu hainepi. Malizia kwa mkono mwepesi.

Kama wino unagoma kabisa kuondoka kwenye makali, fikiria utepe. Watu wengi hufunika mgongo wa kabari kwa utepe wa fundi umeme wanaponoa, ili mgongo usilike. Tabaka moja huinua pembe kwa kama nyuzi 1 kwenye wembe wa upana wa milimita 16. Aliyekuwa nao kabla yako alitumia utepe, wewe hutumii, basi jiwe lako linagusa nyuma ya makali yake. Bandika tabaka moja, paka wino, jaribu. Makali yakiguswa mara moja, umepata jibu. Endelea na utepe kila utakaponoa, na ubadilishe utepe mara unapoanza kuchakaa, maana uliotoboka upande mmoja unakupa pembe mbili tofauti.

Kinachofuata ni jiwe lisilonyooka. Kwenye bonde jiwe lililobonyea kidogo linaweza kukusamehe, kwenye mteremko mpana wa kabari haliwezi. Chora miraba ya penseli juu ya jiwe lote, lisugue kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo kinene. Mistari ikifutika yote kwa pamoja, jiwe limenyooka. Ikibaki katikati, endelea.

Na kama mgongo wenyewe umelika upande mmoja zaidi ya mwingine, kiasi cha kuona kwa macho, simama. Kuurudisha kunahitaji kusawazisha bapa zima na vipimo vya kalipa (kifaa cha kupimia unene), na ni kazi ya fundi wa nyembe.

Onyo lisilochagua umbo. Usiuguse wembe wowote kwa mashine ya kusaga, hata kwa sekunde chache, hata kama pengo ni kubwa. Makali ni membamba mno na hupata moto kabla kidole chako hakijahisi. Chuma kikigeuka manjano ya majani makavu kimepita nyuzi joto 200. Kikigeuka buluu kimekaribia 300, na ugumu wake umekwenda. Hakuna kunoa kutakakourudisha. Wembe wa bonde hufika huko haraka zaidi.

Dalili ya 5: Sehemu moja inanyoa, nyingine hainyoi

Kwa kawaida ni kisigino au ncha. Chanzo cha kwanza ni mkanda au jiwe lililo jembamba kuliko urefu wa makali: ukienda moja kwa moja, sehemu moja haiguswi kamwe. Nenda kwa mshazari, kisigino kikianza mwendo na ncha ikimaliza. Chanzo cha pili ni kidole kinachokandamiza karibu na kisigino. Kwenye bonde, hapo panalika haraka na makali yanaingia ndani kama uso ulionuna.

Wembe wenye makali yaliyopinda nje kama tabasamu si mbovu, mara nyingi ulitengenezwa hivyo. Usiunyooshe. Ubembee kidogo kila mwendo ili kila sehemu iguse jiwe kwa zamu yake.

Ukiulaza juu ya kioo na ukayumba kwenye pembe mbili, bapa limepinda. Kidogo kunavumilika kwa jiwe jembamba na mwendo wa mshazari. Kukiwa kwingi, mpelekee fundi, na usijaribu kuunyoosha kwa koleo: chuma hiki ni kigumu na kinavunjika bila kutoa taarifa.

Dalili ya 6: Wembe ni mkali kweli, lakini ngozi inawaka

Kwanza mkono mzito. Kabari ina uzito wake, haihitaji wako. Bonde ni jepesi, na wepesi huo humdanganya mtu aongeze nguvu. Pili, kurudia sehemu moja bila povu. Tatu, kunyoa kinyume cha ndevu zilikolala kwenye shingo. Kama ndevu zako zinajikunja, acha kunyoa kinyume na usiivute ngozi kupita kiasi, kwa sababu unywele uliokatwa chini ya ngozi hurudi ukichomea ndani na kuota kipele. Nne, dawa ya kijani ya kung'arishia makali inayopakwa kwenye mkanda: ikitumika kila siku huacha makali makavu yanayochuna. Mara moja kwa wiki kadhaa inatosha.

Wembe usichangiwe. Hepatitisi B na C na virusi vya Ukimwi hupita kwenye damu, na kuufuta kwa kitambaa si kuusafisha. Vipele vikitunga usaha na kuenea, uso ukivimba, au ukipata homa, acha kunyoa na umwone daktari.

Dalili ya 7: Mlio umebadilika

Hii husikika zaidi kwenye bonde kamili, kwa sababu ndilo linaloimba. Kila wembe una sauti yake na utaizoea. Ukianza kusikia mlio wa kufifia, kama kikombe chenye mpasuko, kagua kwanza msumari wa kishikio, maana ukilegea huleta sauti ya kugongana. Kama umekaza na mlio bado ni mfu, utafute ufa. Safisha bapa, lete mwanga kwa upande, kisha pitisha pamba laini kutoka mgongoni kuelekea makali, usipite kwa urefu wa makali. Ufa hunasa nyuzi za pamba. Angalia pia madoa meusi ya kutu yaliyozama karibu na makali, kwa sababu huko ndiko nyufa huanzia.

Ukiona ufa unaofika kwenye makali, usinoe, usipitishe mkandani, usinyoe hata shavu moja la mwisho. Bapa jembamba lenye ufa huachia kipande ghafla, na kipande hicho kitakuwa juu ya ngozi yako. Fundi wa nyembe anaweza kuufupisha kama ufa uko karibu na ncha. Ukiwa katikati, ufunge kwa utepe na uuweke mahali ambapo hakuna atakayeufungua kwa bahati mbaya.